MF 135 ya miaka ya 70: oili gani mbele, oili gani nyuma

Mkuu, hongera kwa trekta. Umesema ni Massey Ferguson 135 yenye Perkins ya silinda 3, fundi anakwambia uweke namba 40 mbele (kwenye injini) na haidroliki namba 68 nyuma (kwenye giaboksi, difu na lifti), na mwenye duka anasema dumu moja la "oili ya trekta" linatosha kote. Mimi 135 yangu ninayo tangu 2009, nalima nayo ekari zangu na za majirani huku Karatu, na ushauri wa namna hiyo nilishaufuata wote. Nakueleza nilichokiona.

Usinunue chochote kabla hujajua kilichomo ndani. Yangu nilipoinunua ilikuwa imelala nje masika nzima, na mpira wa mkono wa gia ulikuwa umechanika. Pale ndipo maji ya mvua huingilia. Lifti ilikuwa inapanda kwa kutetemeka, nikaambiwa niongeze oili tu. Kabla ya kuongeza nikalala chini ya trekta na spana, nikalegeza taratibu nati ya kumwagia oili ya nyuma, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Kilichotangulia kutoka ni maji, meupe kabisa, karibu chupa nzima ya soda. Baada yake ikafuata oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Ningeongeza oili mpya juu ya ule uji ningekuwa nimetupa hela. Nilimwaga, nikaweka oili ya bei nafuu, nikaizungusha trekta nusu saa bila kazi nzito, nikamwaga tena, ndipo nikaweka ya kudumu. Na mpira wa gia ulibadilishwa siku hiyohiyo, vinginevyo mvua ya kwanza inakurudisha mwanzo.

Sasa ya nyuma, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Kwenye 135 hakuna tangi la haidroliki pembeni. Pampu ya lifti imo ndani, imezama kwenye oili ileile ya giaboksi na difu, na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotokea nyuma kuendesha vifaa. Kwa hiyo oili moja ina kazi mbili zinazovutana: iwe nyepesi vya kutosha pampu iivute, na iwe na nguvu ya kulinda meno ya gia yanayosagana chini ya mzigo wa plau.

Oili ya gia namba 90 inaridhisha gia lakini inaitesa pampu. Huku kwetu Julai saa 12 asubuhi ni baridi kweli, na nilipokuwa nayo pampu ilikuwa inalia kama mbwa kwa dakika kadhaa kabla lifti haijakubali. Tena ile namba 90 iliyoandikwa GL-5 usiiguse kabisa: dawa zake za salfa zinaweza kula vipuri vya shaba vilivyomo humo ndani. Haidroliki namba 68 ni kinyume chake. Lifti ilipaa vizuri sana, nikafurahi. Mwisho wa msimu nikamwaga na kuichuja kwenye kitambaa cheupe, nikakuta vumbi la chuma linalong'aa, jingi kuliko nililowahi kuona. Ile ni oili ya mitambo ya haidroliki tu, haikutengenezwa kubeba meno ya difu.

Ninayotumia sasa ni UTTO 10W-30. Tafuta dumu lenye maandishi hayo, na kwa nyuma yake liwe limetaja MF M1135 au M1143. Hiyo ndiyo oili iliyotengenezwa kwa trekta ambayo gia na haidroliki vinakunywa chungu kimoja. Ila UTTO haiingii kwenye injini hata siku moja. Inayoingia kote ni STOU, na kama dumu la mwenye duka wako limeandikwa STOU basi alikuwa sahihi. Kama limeandikwa tu "tractor oil" bila herufi hizo, achana nalo.

Mbele si pagumu hivyo. Mimi naweka 15W-40 ya dizeli, CF-4 au CH-4. Herufi C ni ya dizeli, S ni ya petroli. Ukiona S peke yake rudisha. Namba 40 ya fundi wako si kosa kama uko sehemu ya joto, injini hizi zilikua na oili za namna hiyo. Lakini asikuwekee oili nzito ili kuficha bushi zilizokwisha. Injini ikishapata moto na iko kazini, geji ya presha ya oili isome kati ya psi 30 na 60. Ikilala chini ya hapo, fungua uangalie, usiizibe na oili.

Oili mpya ikiwa nyeusi baada ya siku mbili usishtuke, inaosha masizi ya miaka. Ile ya kwanza nilimwaga baada ya saa 25 za kazi pamoja na filta, sasa hivi namwaga kila saa 100. Kinachotakiwa kukushtua ni oili kuongezeka kwenye stiki. Vuta stiki, nusa. Ikinuka dizeli, ngozi ya pampu ndogo ya kuvutia mafuta, ile iliyofungwa ubavuni mwa injini, imetoboka. Usiwashe tena mpaka ibadilishwe.

Oili hiyohiyo ya injini jaza na bakuli la chujio la hewa, mpaka kwenye alama. Vumbi la kiangazi likiwepo, mimi nalifungua kila jioni.

Kwa kununua: mbele ni lita 6 hadi 7 pamoja na filta, nyuma ni kama lita 30. Nunua madumu yenye sili, usipimiwe kwa kopo, oili iliyochakachuliwa ni nyingi mno. Nyuma pima trekta ikiwa tambarare, imezimwa, mikono ya lifti iko chini. Na ukiazima tela la kubinua, ambalo jeki yake inasukumwa na oili ya trekta, ujue linarudisha kwako oili ya mwenzio, chochote alichoweka.

Jambo moja niambie kabla hujaenda dukani: kwenye dashibodi yako kuna kijiti cha Multi-Power, kile cha kubadili mwendo bila kukanyaga klachi? Kama kipo, klachi yake inabanwa kwa presha ya oili hiyohiyo ya nyuma, na hapo namba 90 haina nafasi hata kwa dharura.