Ati kuna ukuta ukiufikia huuawi?

SWALI: Salaam aleikum. Mwanangu katoka shule aniambia ati Hawaii zamani kulikuwa na ukuta, mtu akitafutwa auawe akiufikia basi hakuna wa kumgusa. Ni kweli ama ni hadithi tu? Na wafalme wao waliishia wapi? (Mama wa Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Ni kweli kabisa na ukuta uko mpaka leo, mahali paitwa Pu'uhonua o Honaunau, kwenye kile kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Hawaii. Urefu wake ni karibu mita 300, unene kama mita 5, na ni mawe ya volkano yamepangwa tu, hakuna chokaa wala simiti.

Miiko yao ikiitwa kapu na ilikuwa mikali jamani, mwanamke kula pamoja na wanaume ni kifo, kula ndizi kifo, kivuli chako kimguse chifu mkubwa, kifo vilevile. Sasa aliyekosa ndiyo akimbilie Honaunau, na kwa nchi kavu hapiti maana huko ndiko makao ya chifu, kwa hivyo ni kujitosa baharini aogelee, hebu fikiria mtu avuka Likoni kwa mikono yake na wanaomtaka wako nyuma. Akifika salama kuhani amfanyia ibada ya kumsafisha, arudi kwao, kosa limekwisha. Nguvu ya pale ilikuwa mifupa ya machifu, 23 walihifadhiwa kwenye nyumba ya Hale o Keawe hapo hapo kando ya ukuta. Sisi wa pwani twalielewa hili, ukienda Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu, wajifunga kaniki kwanza, na hata kijiti hutoki nacho.

Kapu ilivunjwa 1819, mfalme Liholiho alipoketi kula na wanawake mbele za watu, miezi tu baada ya kufa babake Kamehameha, yule aliyeviunganisha visiwa. Aliyemsukuma ni Bi Kaahumanu, mjane wa babake.

Ufalme wenyewe uliangushwa 17 Januari 1893, wafanyabiashara wenye asili ya Marekani ndio waliopanga, na wanajeshi wa meli ya Marekani wakashuka mjini. Hapa ndipo huniuma, maana 1895 Malkia Liliuokalani, ndiye aliyepinduliwa, alifungiwa chumba cha juu cha ikulu yake mwenyewe, Iolani, miezi kadhaa, akishona mfarishi wa vipande vya hariri. Ukienda Honolulu leo utaukuta mfarishi huo kwenye chumba kile kile.