Msimbo wa Fibonacci: ukishakata, sahau biti iliyopita

Mkuu, msimbo wa Fibonacci huandika kila namba kwa biti, yaani 0 na 1, na namba huishia pale 1 mbili zinapofuatana. Umesema mkondo wako wa biti ni 0111011, programu inalinganisha kila biti na iliyoitangulia, ikikuta 1 mbili zimefuatana inakata, na imekutolea vipande vitatu: 011, 1 na 011. Hicho cha katikati ndicho kimekuchanganya. Vipande sahihi ni viwili tu: 011, ambayo ni 2, na 1011, ambayo ni 4.

Kosa ni kwamba biti ya tatu umeitumia mara mbili. Ilishafunga namba ya kwanza, kazi yake imekwisha, lakini bado umeishika mkononi, kwa hiyo biti ya nne ilipokuja nayo ni 1 ukakata tena. Kila unapokata, rudisha kigeu chako cha biti iliyopita kiwe 0. Ni mstari mmoja.

Zeckendorf, daktari Mbelgiji, alionyesha kwamba kila namba kamili chanya ina njia moja tu ya kuandikwa kama jumla ya namba za Fibonacci zisizopakana: 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea. Kila biti kutoka kushoto inasimamia mojawapo kwa mpangilio huo, na 1 maana yake namba hiyo imo kwenye jumla: 1011 ni 1 na 3, yaani 4. Ndiyo maana ndani ya namba hukuti 11. Ile 1 ya mwisho haina thamani, ni komeo tu. Ila kwenye maungio ya namba mbili 1 zinaweza kurundikana, kwa hiyo kata kutoka kushoto siku zote. Ukianzia kulia, mkondo wako huohuo utakupa 0111 na 011, na hapo umeshapotea.

Mimi kosa liliniuma mahali pengine. Nilikuwa natengeneza faharasa ya maneno ya nyaraka, kila waraka una namba yake, na kwa kila neno nahifadhi pengo kati ya namba ya waraka mmoja wenye neno hilo na ya unaofuata. Kwenye lugha ya programu ya Python nikatumia split("11"), amri inayokata kila penye 11 na kuiondoa, nikawa narudishia 1 moja kila kipande. Inakata vizuri kabisa. Lakini kwa mazoea ya kusafisha matini nilitupa vipande vitupu. Kumbe kipande kitupu ndiyo namba 1 yenyewe! Jaribu 011110011, yaani 2, 1, 3: utapata "0", "", "00", "". Mtupu wa mwisho tu ndio mabaki, wa katikati ni data. Maneno kama "na" na "kwa" yamo karibu kila waraka, mapengo yao mengi ni 1, na yote yalipotea. Siku mbili nilizunguka hadi nilipohesabu namba zilizoingia na zilizotoka.

Ukisoma faili kwa mafungu, biti iliyopita ivuke nawe kutoka fungu moja hadi jingine, pamoja na kipande ambacho hakijafungwa. Baiti ya mwisho, yaani fungu la biti nane, ijazie 0, kamwe usijazie 1. Sifuri zinazobaki bila 11 unazitupa bila hofu. Na 0 haina msimbo humu, kwa hiyo ongeza 1 kabla ya kuandika.

Biti moja ikiharibika hupotezi mkondo mzima. Ile ya tatu ya mkondo wako ikigeuka 0 unabaki na 0101011, namba mbili zimeungana kuwa 20, halafu zinazofuata zinasomeka sawa. Ila kama ni mapengo kama yangu, namba za nyaraka hupatikana kwa kuyajumlisha, kwa hiyo jumla zote za mbele zinahama. Mimi sasa kila baada ya mapengo 128 naandika namba kamili ya waraka.