Muulize Fundi Viatu: "Risiti ipo, boksi lipo. Je, Jordan hizi ni orijino?"

SWALI: Shikamoo fundi. Kuna kijana anauza Air Jordan 1 zile za "Lost and Found", nyekundu, nyeupe na nyeusi, kwa laki nane. Anasema binamu yake alizinunua Marekani na hazijavaliwa hata siku moja. Amenitumia picha ya risiti ya mtindo wa zamani na ya kile kitambulisho cha kijani cha StockX, soko la mtandaoni linalokagua raba kabla ya kumfikia mnunuzi. Ila mfuniko haufanani na boksi, na ngozi nyeusi ya shingoni imepasukapasuka. Dada yangu anasema ni feki, niachane nazo. Nifanyeje?
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Dada yako ana macho makali, lakini hayo mawili yaliyomtia shaka ndiyo yanavyotakiwa kuwa. Mimi naogopa zaidi hayo mawili yaliyokupa moyo wewe.

Raba hizi zilitoka tarehe 19 Novemba 2022 kwa dola 180. Nike walitaka zionekane kama jozi ya mwaka 1985 iliyosahauliwa stoo ya duka dogo. Ndiyo maana ngozi ya shingoni imepasuliwa kiwandani, soli imetiwa rangi ya uzee, na mfuniko umefanywa makusudi usilingane na boksi. Na ile risiti? Ilikuja ndani ya boksi, imechapishwa na Nike wenyewe kama pambo. Haithibitishi kwamba binamu wa mtu yeyote alinunua chochote. Mwombe muuzaji uthibitisho wa oda kwenye barua pepe, wenye namba ya kiatu na saizi.

Kitambulisho cha kijani nacho usikiegemee. Vya bandia vinauzwa peke yake, na cha kweli kinaweza kuhamishiwa kiatu kingine. Hata wakaguzi wenyewe hupitiwa: Nike iliishtaki StockX huko New York, na Machi 2025 jaji akaamua kwamba kampuni hiyo inawajibika kwa jozi 37 feki zilizouzwa kupitia kwake. Hao ni watu wanaoshika raba kutwa nzima.

Kwa hiyo tuje kwenye kiatu chenyewe. Nenda ukazione mchana, nje, si dukani chini ya taa. Anza na lebo ndogo iliyo ndani ya kiatu. Saizi ya wanaume ina namba DZ5485-612; iandike mtandaoni, na kama kinatokea kiatu kingine, rudi nyumbani. Namba hiyo na ile ndefu ya msimbo wa mistari lazima zilingane na za ubavuni mwa boksi. Zikilingana bado hujamaliza, maana waigaji hunakili namba halali.

Kisha visimamishe, uvitazame kwa nyuma. Jordan 1 nzuri hubana katikati ya kisigino na kutanuka juu na chini. Feki nyingi hunyooka tu kama bomba. Pitisha kidole kwenye alama ya mabawa: iwe imezama kwenye ngozi, herufi zikiwa na kingo safi. Tazama mipasuko ya shingoni. Nikikuta mipasuko ya kushoto na ya kulia inafanana mno, au imechimbika hadi ngozi inachanika, napata shaka kubwa.

Sehemu ninayoiamini zaidi ni ile wanunuzi wasiyoifungua. Inua soli ya ndani. Kazini kwangu navua soli ili nizigundishe upya, na huko chini ndiko fundi mvivu hujulikana: uzi unaruka, gundi imemwagika, harufu kali inakupanda puani. Beba na tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti. Ikionyesha alama nyingi za kuchorea mishono na madoa ya gundi pembeni, usilipe.

Bei ya laki nane haikuambii lolote. Feki nzuri za Putian, China, mara nyingine hupewa bei ya orijino ili usishtuke.

Usitume hela kwa simu kabla ya kuvishika. Ukienda, piga picha ya lebo zote mbili, ya visigino na ya mshono chini ya soli ya ndani, unitumie kupitia kwa mhariri. Nitakuambia ninachokiona, na picha isiponitosha nitakuomba uvilete.