Uliza jengo kabla ya kuuliza spidi

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: unachaguaje intaneti ya nyumbani inayokufaa? Nadhani wengi watawajibu kwa jina la kampuni. Mimi sina jina la kuwapa. Hapa Nairobi, kampuni ileile inasifiwa mtaa wa Donholm na kulaaniwa mtaa wa Pipeline, na hata ndani ya mtaa mmoja ploti hii inacheka huku ya pili inanung'unika. Kwa sisi tunaopanga ghorofani, jengo ndilo linaloamua kwanza.

Kwa hivyo, kabla hujalipa chochote, panda ngazi ukiangalia nyaya. Kuna majengo ambayo faiba inafika hadi ndani ya nyumba yako: uzi mwembamba unaochomekwa kwenye kisanduku chenye taa zilizoandikwa PON na LOS. Kuna mengine ambayo faiba inaishia kwenye korido, inaingia kwenye swichi ya mtandao, yaani kifaa cha umeme kinachogawa intaneti, halafu kila mpangaji anavutiwa waya wa kawaida wa kompyuta. Wakala hatakwambia tofauti. Kwake yote ni faiba. Utaijua siku stima ikipotea. Umenunua betri ndogo ya rauta, rauta yako inawaka vizuri kabisa, lakini swichi ya kwenye ngazi imezimika pamoja na taa za korido. Waifai ipo, intaneti hakuna. Faiba ya kufika ndani kwa kawaida haina kifaa cha umeme njiani ndani ya jengo, kwa hiyo betri ya volti 12 inaweza kukuvusha hadi stima irudi. Soma tu volti iliyoandikwa kwenye adapta ya kisanduku na ya rauta kabla ya kuinunua. Mimi hufanya uhasibu wa watu nikiwa nyumbani Umoja, ghorofa ya nne, na kwangu jambo hili lina uzito kuliko punguzo lolote la bei.

La pili, muulize jirani wa jengo lako, si rafiki wa kazini. Na umuulize habari za saa mbili usiku, si za saa nne asubuhi. Mara nyingi uzi mmoja wa faiba hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Asubuhi watu wametoka, laini inakimbia. Usiku kila mtu ana filamu, mpira au mtoto aliye YouTube, na hapo ndipo utajua kama kampuni imewajaza watu kupita kiasi. Jirani akianza kwa kuguna, umeshapata jibu.

Spidi yenyewe naiweka baadaye kwa sababu wengi hununua nyingi kuliko wanavyohitaji. Netflix wanapendekeza Mbps 5 (megabiti kwa sekunde) kwa filamu ya HD kamili. Familia ya watu wanne yenye Mbps 20 haina shida, isipokuwa kila mmoja ana televisheni yake. Kumbuka pia kwamba Mbps huhesabu biti, na baiti moja ni biti 8: faili la MB (megabaiti) 100 kwenye laini ya Mbps 10 litachukua kama sekunde 80, hujaibiwa. Lakini kama unapakia video au unashinda kwenye mikutano ya Zoom, uliza spidi ya kupakia kando, maana tangazo huringia ile ya kupakua.

Wengine hupandisha kifurushi wakati adui ni ukuta. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya Ndarugo, na mawimbi ya GHz 5 hayapendi mawe. Itoe rauta nyuma ya televisheni, iweke juu na katikati ya nyumba. Chumba cha mwisho kitumie GHz 2.4, iliyo polepole zaidi lakini inafika mbali.

Rauta ya laini ya simu, 4G au 5G, inamfaa anayehamahama, ila soma kiwango cha data ambacho ukikivuka spidi inakatwa. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya mwaka wa 2023, ningemshauri aliyejenga zile sehemu za Kitengela ambako faiba haijafika. Dishi lake la kawaida linataka anga wazi na hula kama wati 75 hadi 100, kwa hiyo betri ndogo ya rauta usiitegemee, na mpangaji wa ghorofani itabidi ambembeleze mwenye nyumba ampe paa.

Kama mkate wako unatoka mtandaoni, weka bando la simu pembeni. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora kote Afrika Mashariki. Hapo kuwa na kifurushi kikubwa hakukumsaidia mtu. Bando lenyewe liwe la mtandao mwingine, si wa kampuni iliyokuwekea faiba.

Mwisho, kabla ya fundi kuanza kutoboa ukuta, uliza rauta ni ya nani na ukihama laini inahamishwa kwa shilingi ngapi. Ukiambiwa utalipia kuunganishwa upya, gawa gharama hiyo kwa miezi unayotarajia kukaa hapo, uone kama rauta ya laini ya simu haitakutokea nafuu.