Kadi za picha hazimzuii mtoto kuongea

Dada, unasema mwanao wa miaka minne bado haongei, umempa kadi za picha za kuwasiliana naye anazitupa, nawe unahofu zitamzuia kuongea. Hapana, hazitamzuia. Na kuzitupa si ukaidi. Tazama picha ulizoweka: tembo, ndege, mpira. Hivyo ni vya kutaja tu, havimpatii kitu. Weka "nataka", "tena", "basi" (imetosha), "hapana", "nisaidie", kisha vyakula viwili vitatu anavyovipenda.

Chukua karatasi ya A4, chora vyumba 12, kila picha na neno lake chini, halafu ipige laminesheni au ifunike kwa selotepu pana pande zote mbili (uji hauna huruma). Picha zisihamehame, maana mkono huzoea mahali. Ukizipanga upya kila wiki, unamrudisha mwanzo.

Huo ndio ubao wake wa picha, na wewe ndiye wa kuanza kuutumia. Wakati wa uji, mpe vijiko viwili, simama, gusa "tena" huku ukitamka "tena", kisha nyamaza sekunde 10. Zihesabu moyoni, wengi hukatiza baada ya mbili. Akigusa, hata kwa kubahatisha, mpe papo hapo. Usimshike mkono kumgusisha, atazoea kusubiri ushikwe. Wala usimwambie "sema kwanza ndipo nikupe". Hapo ndipo kadi zinaporuka.

Ubao ukae alipo yeye, si kabatini. Tableti yenye picha zinazotoa sauti zikiguswa inaweza kufuata baadaye, ukirekodi sauti yako kwa Kiswahili cha nyumbani.

Na kama hajapimwa masikio, mpeleke wiki hii. Kushtuka mlango ukibamizwa si ushahidi kwamba anasikia maneno.