Nyota ya Babu Aliyekuwa Keya: Ni Nishani ya Ushujaa au ya Kwenda Vitani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Babu mzaa baba alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki), akaenda Burma na mdogo wake, mdogo wake hakurudi. Babu alituachia nyota moja ya rangi ya shaba na medali mbili za duara nyeupe zenye kichwa cha mfalme. Baba mdogo anasema ile nyota ndo Victoria Cross, ile nishani ya ushujaa ya juu kabisa ya Waingereza, kwamba aliyoona mtandaoni ina simba na zetu pia zina simba. Kuna mtu wa mjini ameshatoa ofa ya laki tatu kwa zote. Pembeni tumetafuta jina la babu hatujaona chochote. Tutajuaje kama ni za ushujaa? Na je tuzipige Brasso (ile dawa ya kung'arisha shaba) kabla ya kuzipiga picha? (Msomaji, Songea)

JIBU: Marahaba. Naanza na la mwisho maana ndo la haraka: Brasso weka chini kabisa, usiguse. Msisugue, msifue utepe, msibadilishe utepe hata kama umechakaa. Piga picha hivyo hivyo zilivyo, mbele, nyuma na pembeni, mchana karibu na dirisha.

Sasa hiyo nyota. Hesabu ncha zake. Zikiwa sita na katikati kuna duara lenye maandishi, soma tu, imejiandika yenyewe: THE BURMA STAR, au THE AFRICA STAR kama babu alipitia Ethiopia mwaka 1941, au THE 1939-1945 STAR. Hizo ni nishani za kushiriki vita, alipewa kila askari aliyefika eneo hilo kwa muda uliopangwa, awe alirusha risasi elfu au alikuwa dereva wa lori. Victoria Cross sio nyota, ni msalaba wa mikono minne, shaba ya kahawia isiyong'aa, ina simba juu ya taji na chini maneno FOR VALOUR, utepe ni mwekundu uliokolea bila mstari wowote, na nyuma imechongwa tarehe ya tukio lenyewe pamoja na jina la mwenyewe kwenye kile kipande kinachoshika utepe. Kwahiyo baba mdogo kuhusu simba hajadanganya, ila simba wa Waingereza wako kila mahali.

Hao simba wa kwenu nadhani nawajua. Geuza zile za duara. Ukiona simba mmoja amesimama juu ya mnyama wa vichwa viwili, na miaka 1939 na 1945, hiyo ni War Medal. Ukiona simba wawili na kamti kadogo kati yao chini ya taji, hiyo ni Defence Medal. Zote mbili ni za vita kwa ujumla, sio za ushujaa. Ila kwenye War Medal angalia utepe wake vizuri, ule wa nyekundu, bluu na nyeupe. Kama kuna kajani kadogo ka shaba kamebandikwa juu yake, simama hapo hapo, maana hako kajani ka mwaloni kanamaanisha babu alitajwa kwa jina kwenye ripoti ya kamanda, na hiyo tayari ni heshima yake peke yake sio ya kundi. Watu wengi wanakang'oa wakidhani ni pini ya kushikia utepe.

Hapo kwenye pembeni ndo penyewe, na nashukuru mmeangalia. Kwa vita ya pili ya dunia Waingereza hawakuandika majina kwenye nyota na hizo za duara, walizitoa tupu (India na Afrika Kusini waliandika za kwao, ila Keya hapana). Nishani ya ushujaa ya askari wa kawaida lazima iwe na maandishi kwenye ukingo: namba ya jeshi, cheo, jina, halafu kikosi, herufi zimegongwa kwa mashine. Mbili ndo zilizowafikia askari wetu zaidi. Military Medal ni ya fedha, ilianzishwa 1916, nyuma imeandikwa FOR BRAVERY IN THE FIELD, utepe wa bluu nzito una mistari mitatu myeupe na miwili myekundu katikati. Juu yake kuna DCM (Distinguished Conduct Medal), nyuma yake FOR DISTINGUISHED CONDUCT IN THE FIELD, hiyo kwa asiyekuwa afisa ilikuwa ya pili baada ya Victoria Cross. Ukingo mtupu kwenye hizi mbili ni alama ya mashaka, na ukingo uliokwaruzwa halafu ukaandikwa upya ni mashaka zaidi, wauzaji wanajua jina la askari ndo linalopandisha bei.

Kwahiyo kwa maelezo yako, hizo tatu ni za kushiriki vita. Lakini hiyo haimaanishi babu hakupewa ya ushujaa, huenda iliuzwa zamani au ilipotea, na hapa ndo uache vyuma uende kwenye makaratasi. Kila Military Medal na DCM ilitangazwa kwenye London Gazette, gazeti la serikali ya Uingereza, nakala za zamani ziko mtandaoni bure. Halafu kule Kew, London, kwenye nyaraka za taifa lao kuna faili za WO 373, humo mna zile fomu ambazo maafisa waliandika wakipendekeza mtu apewe nishani, na nyingi zinasimulia tukio lenyewe, saa, kilima, nani alimbeba nani. Unaweza kutafuta kwenye katalogi yao bila kulipa. Ila usitafute kwa jina peke yake, makarani waliandika majina yetu walivyosikia, na askari wengi wameandikwa jina moja tu. Tafuta kwa namba ya jeshi. Namba iko kwenye cheti chake cha kuachishwa jeshi, fungueni lile sanduku la bibi mtafute kwanza.

Kuhusu Victoria Cross nisiwazungushe: ilianza 1856, na katika historia yake yote hakuna askari mwafrika wa Keya aliyewahi kupewa, hata mmoja. Katika vita ya pili ya dunia aliyeipata ndani ya Keya ni Sajenti Nigel Leakey, mzungu mzaliwa wa Kenya, batalioni ya sita ambayo ilikuwa ya Tanganyika, alipanda juu ya kifaru cha Waitaliano pale Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, akafungua mfuniko akawapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva, na siku hiyo hiyo akafa akifukuzia vifaru vingine. Anastahili, sina ubishi. Hata huko kwenu kuna iliyotolewa, Februari 1917 karibu na Songea, kwa Sajenti Frederick Booth, alimtoa majeruhi porini chini ya risasi, naye mzungu. Na Booth alikuwa anapigana pamoja na askari waafrika wa Rhodesia. Mfumo ulitaka afisa aandike, mashahidi wathibitishe, halafu karatasi ipande brigedi, divisheni, mpaka juu. Na maafisa wa Keya walikuwa wazungu. Mimi naona jibu liko hapo hapo.

Sasa yule mdogo wake babu. Hili familia nyingi hawalijui: wakati ule Military Medal na DCM hazikutolewa kwa marehemu. Ukifa kwenye lile shambulio lenyewe zilibaki mbili tu, Victoria Cross au kutajwa kwenye ripoti, basi. Kwahiyo askari aliyefia bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944 wakati divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki inasukuma kwenda mto Chindwin, hata angefanya nini, medali ya fedha asingeletewa nyumbani. Yeye mtafute kwingine, kwenye orodha ya mtandaoni ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Wasio na kaburi linalojulikana majina yao yako kwenye mnara wa Rangoon, karibu majina 27,000, na waafrika wamo. Napo jaribu tahajia tatu nne.

Huyo wa laki tatu sasa. Mtu anayeamini ameshika Victoria Cross hatoi laki tatu, hizo kwenye minada ya London zinauzwa kwa mamia ya maelfu ya pauni. Amejua ni nyota za kawaida, au amekuja kununua karatasi zilizo kwenye sanduku na medali ni kisingizio, nimeshaona hiyo, maana cheti chenye namba kikikutana na medali zisizo na jina ndo seti inapata thamani. Msimpe chochote, hasa karatasi. Zifungeni kwenye kitambaa cha pamba kikavu, sio mfuko wa nailoni, kisha nitumie picha za nyuma za zile za duara na ya cheti kama kipo, namba ikisomeka nitakutafutia kwenye WO 373.