Buti au raba kwenye njia ya mawe?

Umeuliza kama raba nyepesi zitakufaa kwa siku 3 za njia ya mawe na mizizi, au ununue buti. Mimi ningeanza na begi kabla ya kiatu. Kama hubebi zaidi ya kilo 10 hivi, na vifundo vyako havina kawaida ya kuteguka, chukua raba za milimani, zenye soli ya meno na ncha ngumu mbele. Uzito wa mguuni huchosha kuliko uzito uleule mgongoni, jioni utanielewa. Tena raba ikilowa hukauka upesi. Buti lisilopitisha maji, yakishaingia kwa juu, unatembea na ndoo mbili.

Buti nalikubali kwa mzigo mzito, theluji, au mawe makali yanayochubua vifundo. Ila livae wiki kadhaa kabla ya safari lilainike, la sivyo malengelenge yatakurudisha nyumbani.

Lolote utakalochagua, lijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zilezile za safari. Shuka mteremko: kidole gumba kikigonga mbele, ongeza saizi. Kucha zangu mbili zilikwenda hivyo.